Deraya ya Sufu kwa Jilala

Mtu akija kwako kupimwa sweta, mgeuze mgongo kwanza. Kifua kitapimika tu, maana kila mtu huja na kifua mbele. Ninyi mnaojifunza kufuma chumbani kwangu mmenisikia nikisema hivyo mpaka mnaniigiza nikitoka nje, na mnaniigiza vizuri. Basi nimeona niandike neno hilo nililitoa wapi. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito kwenye kalamu, mnivumilie. Kwenye mashine ningekuwa nimeshafika kwapani.

Nilikuja Bariadi mjini kutoka Sapiwi, wakati huo Simiyu haijawa mkoa, sisi bado ni watu wa Shinyanga. Aliyenifundisha kazi ni Mama Kabula, mjane aliyekuwa na chumba karibu na soko na mashine moja ya kufuma aliyoachiwa na mtawa wa misheni. Mimi nilikuwa msichana wa aibu. Mteja akiingia, nilikuwa nainamia mashine kana kwamba kitanzi kimedondoka.

"Minza," Mama Kabula aliniambia, "huyo ni mtu, si fisi. Msalimie."

"Mwangaluka," nilisema, nikiiambia mashine.

Watu wa mbali hushangaa nikiwaambia nimeishi kwa masweta huku kwenye jua. Lakini shule zilitaka sweta, na shule ikitaka, mtoto anavaa hata kama jasho linamtiririka. Tena asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, upepo unapovuka mashamba ya pamba yaliyokwisha kuchumwa, si za mchezo.

Sasa mjue jinsi tulivyokuwa tunapima. Mzazi wa huku hakuwa ananunua sweta la mtoto aliyesimama mbele yako, alikuwa ananunua la yule atakayekuwa baadaye. Kwa hiyo tulipima kifua tu, tukaongeza upana wa kiganja, na kiganja hicho tulikiita "ya kukulia". Kisha tulifuma vipande viwili vinavyofanana, cha mbele na cha nyuma, tofauti ni shingoni tu. Mtoto wa darasa la kwanza alitembea na sweta linalogusa magoti, mikono imekunjwa kama chapati. Likimkaa vizuri, mama yake alilirudisha siku ya pili.

"Mmebana uzi?" aliuliza.

"Hatukubana, mayu," tulimjibu, yaani mama.

"Mbona linamtosha?"

Hivyo ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Nilikuwa naongeza kiganja bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Halafu zikaja zama za ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Kabla ya hapo uzi wa sufu ulikuwa unapatikana kwa kibali, tunaufuata Malampaka unakoshushwa kwenye treni, na ukiambiwa umekuja wa kijani, mwaka huo shule zote ni kijani. Baada ya ruksa kila kitu kikaingia. Pamba ikaanza kununuliwa na makampuni yenye mizani zao wenyewe, na mnadani yakaanza kufunguliwa mabelo ya mitumba. Tulikwenda kutazama. Masweta yalirundikwa chini kwenye turubai kama mavuno, watu wakiyachagua kwa miguu.

Mama Kabula alisimama pale muda mrefu. "Hawa wazungu," alisema, "kwao baridi imeisha?"

Wateja wetu wengi walihamia kwenye turubai. Sikumlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilinunua hapo koti.

Sisi tukabadilisha njia. Tukaanza kununua masweta ya mitumba ili tuyafumue, kwa sababu uzi uliokuwa ndani yake ulikuwa mzuri kuliko ule wa Malampaka. Hapa mnisikilize, maana bado mnafanya makosa. Kabla ya kununua, pindua sweta uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona limepigwa ovaloki, liache, kitambaa kilikatwa kwa mkasi na utapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono. Ukiona kingo zimefumwa na kuunganishwa kwa uzi mmoja, hilo litafumuka kuanzia shingoni mpaka chini bila kukatika. Lililofuliwa kwa maji ya moto likashikamana kama blanketi, nalo liache. Ukishafumua, uzi utakuwa na mawimbi. Ufunge shada, uloweshe, uutundike na jiwe chini mpaka unyooke. Uzi usionyooka utafuma sweta linalokumbuka umbo la mtu mwingine.

Siku moja akaja Mwalimu Nestori, aliyefundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Alikuwa mtu mrefu, chaki kwenye viwiko siku zote. Alikuwa ametunga igizo kutokana na utenzi wa kale, wanafunzi walicheze mbele ya wazazi na wageni wa wilaya. Shujaa wa utenzi huo alivaa deraya, yaani vazi la vita la pete ndogondogo za chuma. Mwalimu alisema deraya hiyo inatakiwa imshike mtu mwilini kama magamba yanavyomshika samaki.

"Mwalimu," Mama Kabula alimwuliza, "samaki gani anavaa sweta?"

"Chuma sina, mama. Nina wewe."

Alitaka sweta la kijivu la kubana, lenye shingo ndefu na mikono mpaka viganjani. Kisha akatueleza tatizo. Mwanafunzi aliyemchagua kuwa shujaa aliitwa Jilala, kijana wa Lalago, na alikuwa na kibiongo. Mgongo wake ulipanda juu, zaidi upande wa kulia. Lakini hapakuwa na sauti nyingine kama yake pale shuleni. Mwalimu alisema kijana huyo akiita ng'ombe kwao, hata wa jirani wanasimama.

Mkuu wa shule hakutaka. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mwalimu, "Sauti siikatai. Nakataa kijana achekwe mbele ya watu." Wakakubaliana kwamba Jilala atavaa deraya siku ya mazoezi, na mkuu ataangalia. Ikimkaa vibaya, nafasi yake itachukuliwa na Maduhu. Maduhu alikuwa amenyooka kama mlingoti, ila maneno ya shujaa aliyasema kama mtu anayesoma tangazo la mnada.

Jilala alikuja kupimwa siku ambayo Mama Kabula alikuwa mnadani akitafuta masweta ya kijivu. Aliingia, akasalimia kwa sauti ndogo ambayo haikufanana na habari tuliyopewa, akasimama amegusisha mgongo ukutani, chini ya kalenda. Mimi nilikuwa nimeshika futi ya fundi. Nilitakiwa kumwambia ageuke. Sikumwambia. Nilipima kifua kutoka kwapa hadi kwapa, nikazidisha mara mbili, nikapima mkono, nikapima kutoka bega hadi kiuno kwa mbele. Muda wote huo sote wawili tulikuwa tunaangalia futi.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari."

Akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni.

Nilifuma vipande viwili vinavyofanana. Kiganja cha kukulia nacho kikaingia bila mimi kukiita.

Siku ya mazoezi nilipeleka sweta mwenyewe. Jilala alilivaa nyuma ya darasa, kisha akatoka uwanjani. Mbele lilikuwa limefika mapajani. Nyuma mgongo ulikuwa umelivuta juu mpaka mkanda wa suruali unaonekana. Ubavuni lilining'inia. Wanafunzi walisogea waone vizuri.

"Shujaa kabeba robota la pamba!" mmoja alipiga kelele.

"Mpelekeni kwenye mizani!" mwingine akadakia.

"Hilo daraja la pili, lina unyevu!"

Wakacheka mpaka walinzi wa geti wakaja kutazama. Mkuu wa shule alimgeukia Mwalimu Nestori. "Umeona mwenyewe," alisema. Mwalimu akaomba nafasi moja zaidi, zoezi la mwisho kabla ya siku yenyewe. Mkuu akakubali, lakini akamwambia Maduhu aendelee kujifunza maneno.

Jilala alivua sweta. Alilikunja vizuri, mikono ndani, kama tunavyokunja sisi dukani, akanirudishia. "Ahsante, dada," alisema.

Niliporudi dukani Mama Kabula alilitandika mezani, akalipapasa nyuma na mbele.

"Ulimpima mgongo?"

"Hakugeuka."

"Ulimwambia?"

"Nilimwonea aibu."

"Haya," alisema. "Kesho aje hapa. Na wewe uwepo, usijifiche kwenye mashine."

Jilala alikuja, akaenda moja kwa moja ukutani chini ya kalenda. Mama Kabula hakumwambia ageuke. Alikuwa anafuma soksi kwa mkono, sindano nne, na alikuwa amefika kisiginoni. Alimpa aishike.

"Baba, hiki ni nini?"

"Soksi."

"Hapa?"

"Kisigino."

"Ningefuma bomba tupu, bila kuacha nafasi hapo, ingekuwaje?"

Jilala alifikiri. "Ingevutika. Ingeshuka kwenye kiatu."

"Huyu dada yako amekufumia soksi isiyo na kisigino, halafu watu wanalaumu mguu." Alichukua soksi yake. "Mgongo wako ni kisigino, ng'wanone, mwanangu. Kimekaa juu, basi. Sasa utanigeuzia nipime kisigino, ama nikufumie bomba jingine?"

Kijana akacheka. Kicheko chake ndicho kilichokuwa na ile sauti tuliyoambiwa, mpaka mwuza nyanya wa jirani akachungulia. Kisha akageuka.

Mama Kabula alinisukumia futi. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, lakini nadhani sababu haikuwa macho. Nilipima kutoka shingoni, juu ya kibiongo, hadi kiunoni. Nilipima upande wa kushoto na wa kulia, na vipimo havikulingana. Tulichukua karatasi ya mfuko wa saruji, tukachora juu yake umbo la mgongo, pale unapoanza kupanda na pale unapofikia kilele. Haikuchukua muda. Nilikuwa nimeogopa kitu kinachopimika kwa futi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kisigino. Mashine ya kufuma ina sindano zimepangwa kama meno ya kitana, na kichwa cha kusukuma huku na huku ambacho sisi tulikiita pasi. Ukifika mahali mgongo unapoanza kupanda, unavuta sindano za pembeni mbele, zinakaa na vitanzi vyake bila kufanya kazi. Za katikati zinaendelea. Kila ukisukuma pasi unaiacha sindano nyingine isubiri, mpaka ufike kileleni, kisha unazirudisha kazini moja baada ya nyingine. Kitambaa kinaumuka katikati kama bakuli, pembeni kinabaki kifupi. Upande wa kulia niliurudia zaidi. Msifunge uzito mmoja tu katikati wakati huo. Sogezeni vizito viende na sindano zinazofanya kazi, la sivyo vitanzi vitaruka na mtalia.

Nilikuwa nakaribia kumaliza kipande cha mbele Mama Kabula aliposimama nyuma yangu.

"Hicho kiganja cha nani?"

Niliangalia. Nilikuwa nimeongeza ya kukulia.

"Fumua," alisema.

Nikafumua. Nilipoanza upya mkono ukataka kuongeza tena, nikauona, nikaurudisha. Kufuma sweta la kumkaa mtu wa leo kulinipa taabu kuliko kisigino chote cha mgongo.

Mwalimu Nestori alikuja kuliona likiwa bado mezani, upande wa nyuma wa ufumaji ukiwa juu. Mnajua upande huo ulivyo, vijipindo vilivyopandana mstari juu ya mstari. Mwalimu aliinama karibu.

"Pete," alisema. "Hizi ndizo pete zenyewe. Mama, upande huu ndio ukae nje."

Mama Kabula alikasirika kweli. Dukani kwetu kuonyesha upande wa ndani ilikuwa sawa na kumtoa mteja nje bila kufunga zipu. "Watu watasema Mama Kabula anavalisha watoto nje ndani!"

"Watasema ni deraya."

"Watu gani? Watu wa Bariadi hawa?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mama Kabula akakubali, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Niliunganisha vipande, mishono ikakaa ndani.

Kwenye zoezi la mwisho Jilala alitoka nyuma ya darasa na deraya imemshika shingoni, mabegani, mgongoni na kiunoni. Kibiongo kilikuwepo, kila mtu alikiona. Lakini sweta halikuvutika, halikuning'inia, wala halikubishana nacho. Lilifuata mwili ulivyo. Mkuu wa shule alimzunguka kijana polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Wanafunzi walisubiri aanze yeye kucheka. Hakucheka.

"Sema maneno yako," alisema.

Jilala alisema. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia Maduhu, "Wewe utakuwa askari wa mlangoni," akaenda zake ofisini. Maduhu alifurahi kuliko wote.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Wazazi walikaa kwenye madawati, wageni wa wilaya kwenye viti vya ofisi, na mimi na Mama Kabula tulisimama nyuma karibu na tangi la maji, kwa sababu yeye hakutaka kuonekana. Jilala alipotoka, minong'ono ilianza upande mmoja ikaenda hadi wa pili. Alikuwa bado hajafungua mdomo. Ndipo bibi mmoja aliyekaa mbele, kitenge begani, akapaza sauti kwa huruma kabisa.

"Jamani, mtoto wa watu amevaa nje ndani! Hana mama huyo? Mgeuzieni!"

Uwanja mzima ukacheka. Mama Kabula akajifunika uso kwa kanga. "Nilisema," alininong'oneza. "Si nilisema?"

Jilala alisimama. Angeweza kuondoka, na nilidhani ataondoka. Mwalimu Nestori alikuwa ameshainuka. Lakini kijana akamgeukia yule bibi, akapiga goti moja kama mtu wa zamani, na akamjibu kwa ile sauti.

"Bibi, uzuri wake nimeuweka ndani. Huku nje ni kwa ajili ya mikuki."

Kisha akainuka, akawageuzia watu mgongo, akatembea hadi mwisho wa uwanja wakimtazama, akaanza igizo. Hakuna aliyecheka tena mpaka pale palipotakiwa kuchekwa. Bibi yule alipiga vigelegele kila shujaa alipoingia, hata alipokuwa anaingia kufa.

Kesho yake mama yake Jilala alikuja dukani kabla hajarudi Lalago. Tukadhani amekuja kushukuru. Alilitoa sweta alilokuja nalo, akaliingiza mikono yote miwili ndani, akalivuta kwapani, akalivuta ubavuni.

"Hamkuacha ya kukulia," alisema.

"Mayu, ni deraya ya shujaa," Mama Kabula alimjibu. "Mashujaa hawakui."

"Huyu anakula ugali wangu. Anakua."

Alikuwa na haki. Hata mimi nilijua.

Igizo lile halikuwaondoa watu kwenye turubai la mitumba. Msije mkasikia kwa wengine kwamba tulitajirika. Masweta ya shule yaliendelea kupungua mpaka yakaisha. Ila wakaanza kuja watu wengine, mmoja mmoja, wengi wao jioni soko likifungwa. Akaja mama mwenye bega moja lililoshuka tangu alipoangushwa na punda. Akaja mzee ambaye mkono wake uliishia kwenye kiwiko. Wakaja wasichana warefu ambao mikono ya kila sweta la belo iliwaishia njiani. Mabelo yalikuwa na nguo za kila namna, lakini watu hawa hayakuwa nao. Kwa kazi hiyo nimeishi mpaka mkono wangu ulipoanza kutetemeka, na kwa kazi hiyo Mama Kabula aliniachia mashine macho yake yalipokwisha. Ninyi mna mashine zinazohesabu mistari zenyewe. Ni nzuri. Bado haziwezi kumwambia mtu ageuke.

Jilala alirudi msimu wa pamba uliofuata. Nilikuwa peke yangu. Alikuwa amerefuka, ameshika sweta mkononi kwa sababu lilikuwa halipiti tena mabegani. Viwiko vilikuwa vimetoboka, na nyuma shingoni palikuwa na nyasi kavu za malishoni. Alikuwa amelivaa akichunga, mwaka mzima, upande ule ule wa pete ukiwa nje.

"Mama anasema mlifumue mfume tena," alisema. "Na safari hii muache ya kukulia."

"Nitaacha," nilisema, kisha nikakumbuka salamu ya mchana. "Mwadila."

"Mwadila, dada."

Nilichukua futi iliyokuwa imening'inia kwenye msumari pamoja na ile karatasi ya saruji. Nilipogeuka ili nimwambie, Jilala alikuwa ameshasimama katikati ya chumba, mbali na ukuta, amenipa mgongo.

"Anza," alisema. "Umepanda kidogo."

Na kweli ulikuwa umepanda. Nikachora mstari mwingine juu ya ule wa kwanza.